Tanga: Nyuki, Mkonge na Magitaa

Mwanzoni mwa Novemba 1914 kikosi cha Waingereza chenye askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kilishuka Tanga kuuteka mji huu, kikarudishwa baharini na jeshi dogo la Wajerumani lililotegemea zaidi askari wa Kiafrika. Nyuki waliovurugwa na risasi waliwashambulia wapiganaji wa pande zote mbili, ingawa baadaye ulienea uvumi, usio na msingi, kwamba Wajerumani ndio waliowatega.

Wasiojulikana sana ni wanamuziki wa Tanga, nao wanastahili kumbukumbu kubwa zaidi. Mashamba ya mkonge, mmea wa nyuzi za kamba ulioletwa na Wajerumani mwaka 1893, yalivuta vibarua kutoka pande nyingi, na mji ukawa na bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, huku Black Star ikitia magitaa ya umeme katika taarab, yaani muziki wa mashairi ya mwambao. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz, walihamia Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika, bendi ambayo wanamuziki wake waliojitenga mwaka 1978 ndio waliounda Les Wanyika, waimbaji wa “Sina Makosa”.