Kupepeta kwa Mvuke

Tangu kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiache kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, neno “kusafisha” limebaki likitupotosha. Kazi kubwa si kuyaosha mafuta ghafi. Huchemshwa tanurini hadi nyuzi 350 hivi, yakaingia mnarani, kila aina ikajitenga kwa wepesi wake: petroli juu, mafuta ya taa katikati, dizeli chini yake. Huko ni kukeneka, neno lile lile la wapika gongo, na ni neno zuri.

Lakini mafuta ya taa yakitolewa ubavuni mwa mnara, huwa bado yana petroli ndani yake. Yakiuzwa hivyo, jiko la utambi huweza kulipuka jikoni mwa mtu. Basi hupitishwa kwenye mnara mdogo wa pembeni, mvuke wa maji ukapulizwa kutoka chini. Mvuke hubeba sehemu ya shinikizo, petroli ikachemka kwa joto dogo kuliko kawaida yake, ikapanda nao kurudi mnara mkubwa. Mafuta ya taa huteremka yakiwa salama.

Kazi hii tuiiteje? Kuambua ni kwa gome la mti. Kuchambua tumewapa watu wa siasa na mpira, na kupembua kumekwama kwenye upembuzi yakinifu. Mimi nasema kupepeta. Mtazame mama na ungo wake: anarusha mpunga, upepo unapita katikati, makapi yanapeperuka, punje zinarudi ungoni. Hakuna kilichomenywa. Chepesi kimechukuliwa na kinachopita, basi.

Tena mpepetaji hukaa macho. Upepo ukizidi, punje huenda na makapi. Ukilegea, makapi hubaki. Ndiyo maana neno “udhibiti” naliona kali mno kwa kazi hii ya kukaa macho mtamboni; tunadhibiti magendo. Mwendesha mtambo hupima joto, shinikizo na kina cha mafuta, hugusa vali kidogo, hupima tena. Mvuke ukija na maji, maji hayo yakakutana na mafuta ya moto chini ya mnara, hufumuka zaidi ya mara 1,600 na kung'oa sinia za ndani. Huko ni kuongoza, kama ashikaye usukani.

Uganda inapanga kiwanda chake cha mafuta huko Hoima. Enyi watunzi wa kamusi, liingizeni neno hili kabla tanuri halijawashwa: kupepeta kwa mvuke.