Ua la Usambara na Baridi ya Ulaya

Mkazi wa Chang'ombe hajui theluji. Kipupwe chake, Juni hata Agosti, hakikatazi maua kuchanua. Ulaya mambo ni mengine: baridi ikishika, bustani ya nje hulala, na mpenda maua huihamishia ndani, dirishani. Ua mojawapo linalostawi humo asili yake ni Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Kwa kuwa lilizoea kivuli cha miamba ya msituni, halidai jua kali. Limeenea duniani, hali misitu yake, safari ya siku moja kutoka Chang'ombe, imepungua. Jina alipewa mgeni. Kuilinda asili kumebaki kwa wenyeji.