Urusi na Vya Kuazima Vilivyogeuka Urithi

Mei 1474, kuta za kanisa kuu lililokuwa likijengwa ndani ya ngome ya Kremlin, mjini Moscow, ziliporomoka. Mtawala Ivan III akatuma ujumbe Italia, akaletewa Aristotele Fioravanti, mhandisi wa Bologna. Kabla ya kuanza kazi, Mtaliano huyo alipelekwa katika mji wa Vladimir kulitazama kanisa la zamani, ili jipya lifuate sura yake. Mwaka 1479 jengo lilikamilika, lenye kuba tano za Kirusi juu ya hesabu na ufundi wa Kiitalia. Tangu Ivan IV mwaka 1547, matsar walitawazwa humo.

Hivyo ndivyo utambulisho wa Warusi ulivyojengeka: kwa kupokea cha mgeni na kukifanya cha nyumbani.

Mwanzo wake ni dini. Mwaka 988 Vladimir, mtawala wa Kyiv, alipokea Ukristo kutoka Konstantinopoli, na pamoja nao maandishi ya Kisirili na uchoraji wa picha takatifu. Urithi huo si wa Moscow peke yake. Kyiv leo ni mji mkuu wa Ukraine, na Waukraine na Wabelarusi nao wanauhesabu ubatizo huo kuwa chimbuko lao. Sanaa hiyo ya kigeni iliota mizizi. Mwaka 1405 Theophanes Mgiriki alipamba kanisa moja la Kremlin akiwa pamoja na mtawa Andrei Rublev, ambaye baadaye alichora picha ya Utatu inayoheshimiwa na Warusi kuliko karibu zote.

Lakini si kila kilichoazimwa kilipokewa kwa hiari. Katika miaka ya 1650 Patriaki Nikon, mkuu wa Kanisa la Urusi, aliamuru ibada zilinganishwe na za Wagiriki, hata ishara ya msalaba ifanywe kwa vidole vitatu badala ya viwili. Maelfu walikataa. Kasisi Avvakum, kiongozi wao, alichomwa moto mwaka 1682, na wafuasi wa imani ya kale wapo hadi leo.

Tsar Peter Mkuu alitumia nguvu zaidi. Aliporejea kutoka safari ya Ulaya mwaka 1698, aliwanyoa ndevu makabaila wake kwa mkono wake mwenyewe. Aliyetaka kubaki na ndevu alilipa kodi na kupewa sarafu ya ushahidi. Mwaka 1703 akaanzisha St. Petersburg, mji wa sura ya Ulaya juu ya ardhi ya kinamasi, uliojengwa kwa jasho na vifo vya wakulima walioswagwa huko kwa amri. Ufa ukapanuka: karne ile ile ikiisha, kabaila alizungumza Kifaransa mezani, na mkulima aliyemlisha hakuelewa neno.

Aliyeuziba ufa huo katika lugha alikuwa na damu ya Afrika. Babu yake wa mbali, Abram Gannibal, alichukuliwa utotoni kutoka Afrika, akafikishwa Istanbul na kisha Urusi, na Peter akasimamia ubatizo wake. Alisomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa, akapanda hadi cheo cha jenerali. Kitukuu chake, mshairi Aleksandr Pushkin, alizaliwa Moscow mwaka 1799. Yeye, aliyekulia katika Kifaransa cha nyumbani kwao, aliichukua lugha ya kila siku, akaichanganya na ya vitabu, akawapa Warusi Kirusi cha fasihi wanachokiandika mpaka sasa. Asili yake hakuificha: mwaka 1827 alianza riwaya kuhusu babu huyo.

Hata hivyo swali halikufa. Mwaka 1836 Pyotr Chaadayev alichapisha waraka akidai kwamba Urusi haijaipa dunia chochote, na Tsar Nikolai I akamtangaza kuwa mwendawazimu. Wasomi wakagawanyika: wengine wakaitaka Ulaya, wengine wakautaka Uslavi na kanisa lake. Wakiwa bado wanabishana, Marius Petipa, Mfaransa wa Marseille, alikuwa akiipa baleti ya Kirusi sura iliyoishangaza dunia.

Basi mtawala yeyote anayehubiri Urusi safi isiyo na mchanganyiko anaikana historia ya nchi yake. Urusi iliyoleta fahari ni ile iliyopokea, na kitukuu cha Mwafrika ndiye anayeitwa mshairi wake mkuu.