Nukta na Lenzi: Historia Fupi ya Kunakili Hati za Kiswahili kwa Kamera, kwa Kuzingatia Kalemie

1. Utangulizi

Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, neno "babu" na neno "tatu" huweza kutofautiana kwa nukta tu. Jino la herufi ni lile lile: likiwekewa nukta moja chini husomwa b, likiwekewa nukta mbili juu husomwa t. Irabu nazo ni zile zile. Katika barua ya biashara, hiyo ni tofauti kati ya mtu na hesabu. Msomaji aliyeshika karatasi yenyewe huweza kuiinamisha kwenye mwanga akatambua kama doa analoliona ni wino, uchafu au tundu la mdudu. Msomaji aliyepewa picha tu hana uwezo huo. Anachokiona ni kile ambacho lenzi ilikubali kumpa.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi jinsi lenzi zinazotumika kunakili maandishi zilivyopatikana, na kupendekeza namna mtafiti wa Kiswahili anavyofaa kuchagua zake leo. Tutashughulikia aina mbili. Ya kwanza ni lenzi zenye urefu wa fokasi usiobadilika, ambazo tutaziita lenzi za urefu mmoja. Ya pili ni lenzi za makro, yaani zile zinazoweza kukikaribia kitu hadi taswira yake ndani ya kamera ilingane na ukubwa wake halisi. Hoja yetu ni kwamba kila lenzi ilibuniwa kwa ajili ya kitu fulani. Anayechagua lenzi bila kujua ilibuniwa kwa ajili ya nini huenda akaipoteza nukta pasipo kujua kwamba ilikuwapo.

2. Kalemie na karatasi zake

Kalemie, mji uliojulikana kwa jina la Albertville wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, umo ufukweni magharibi mwa Ziwa Tanganyika, pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Katika karne ya 19 misafara iliyovuka kutoka Ujiji ilishukia pande hizo, hasa Mtoa, kabla ya kuelekea Manyema. Pamoja na misafara hiyo ilifika lugha ya Kiswahili, na pamoja na lugha ilifika kalamu. Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapteni Jacques alianzisha kituo cha Albertville. Mwaka uliofuata kilizingirwa na watu wa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani wa Ujiji. Aghalabu habari za vita hivyo husimuliwa kutokana na taarifa za maofisa wa Ulaya, ilhali upande wa pili nao ulikuwa ukiandika.

Ushahidi wa jambo hilo upo. Xavier Luffin wa Brussels amechunguza hati za Kiarabu na za Kiswahili zinazohusu Kongo zilizohifadhiwa katika makavazi ya Ubelgiji, za kati ya mwaka 1880 na 1899, na kuzitolea makala mwaka 2007 na kitabu mwaka 2020. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kalemie anayetaka kuusoma mwandiko wa watu wa zama hizo hana budi kuvuka bahari, au kutegemea picha.

Mfano mwingine ni maisha ya Tippu Tip, ambayo yeye mwenyewe aliyaandika kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyahawilisha kutoka herufi za Kiarabu kwenda herufi za Kilatini na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903. Tangu hapo vizazi vya wasomaji wamekisoma kitabu hicho kupitia uamuzi wa mtu mmoja juu ya kila nukta. Hatusemi kwamba Brode alikosea. Tunasema kwamba picha nzuri ya kila ukurasa ingalimwezesha msomaji kumhakiki.

Tatizo hili haliishii kwenye herufi za Kiarabu. "Vocabulaire" ya mji wa Elisabethville, historia iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga, ilipigwa taipu na kurudufiwa. Johannes Fabian na wenzake walipoichapisha mwaka 1990, walikabiliwa na maandishi yasiyofuata kanuni moja ya tahajia wala ya kutenganisha maneno. Katika maandishi ya namna hiyo hata nafasi tupu kati ya silabi mbili ni ushahidi.

3. Lenzi ya uso na lenzi ya ukurasa

Historia ya lenzi za kamera ina njia mbili zilizoachana mapema. Ya kwanza ni njia ya uso. Mwaka 1840 Joseph Petzval alibuni lenzi ya picha za watu iliyopitisha mwanga mwingi kuliko zile zilizoitangulia, na kwa hiyo ilipunguza muda ambao mtu alilazimika kukaa bila kutikisika. Lakini lenzi hiyo ilionyesha mambo kwa ukali katikati tu. Pembezoni taswira ilipinda na kufifia. Kwa uso wa mtu hilo halikudhuru, na pengine lilipendeza. Kwa ukurasa lilikuwa balaa, maana mstari wa kwanza na wa mwisho viko pembezoni.

Njia ya pili ni ya ukurasa. Hii ilihitaji lenzi ambayo taswira yake ni bapa kama karatasi yenyewe. Hatua kubwa ilipigwa mwaka 1890, Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss alipotoa lenzi iliyosahihisha kasoro hizo za pembezoni kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1955 ilitolewa Makro-Kilar ya Heinz Kilfitt, lenzi ya makro kwa kamera ndogo, ambayo aina yake mojawapo iliweza kufikia ukubwa halisi.

Kwa sisi wa taaluma ya lugha, tukio lenye mafunzo zaidi ni la mwaka 1956. Nchini Japani mikrofilamu ilikuwa imeanza kutumika kuhifadhi maandishi, na lenzi zilizotosha kwa alfabeti ya Kilatini zilionekana hazitoshi kwa kanji, kwa kuwa herufi moja ya kanji huweza kubeba mistari mingi iliyosongamana. Profesa Masao Koana wa Chuo Kikuu cha Tokyo alilisisitiza jambo hilo, na kampuni ya Nippon Kogaku ikatoa Micro-Nikkor ya milimita 50. Hapana shaka kwamba lenzi hiyo ilizaliwa kutokana na mahitaji ya mwandiko. Wajapani hawakuuliza ni lenzi gani inayosifiwa. Waliuliza ni lenzi gani inayoweza kusoma lugha yao.

4. Fremu kamili ni kipimo cha kale

Kamera za kidijitali ziitwazo za fremu kamili zina kihisio cha milimita 36 kwa 24. Kipimo hicho kilitokana na Oskar Barnack wa kampuni ya Leitz, aliyechukua filamu ya sinema na kuiongeza fremu maradufu. Leica yake ilianza kuuzwa mwaka 1925, ikiwa na lenzi moja tu ya milimita 50 isiyoondolewa. Matokeo yake ni muhimu kwa mtafiti asiye na fedha nyingi: lenzi kongwe iliyotengenezwa kwa filamu ya kipimo hicho huona upana ule ule ikifungwa, kwa kiunganishi kinachofaa, kwenye kamera ya leo ya fremu kamili. Micro-Nikkor ya milimita 55 iliyotolewa mwaka 1961 ingali inaweza kunakili ukurasa kwa ufasaha. Fokasi yake huwekwa kwa mkono. Kwa karatasi iliyotulia mezani, huo si upungufu.

5. Kuchagua

Tuchukulie kwamba mtafiti anaingia katika nyumba moja ya Kalemie ambamo mzee wa ukoo ametunza sanduku la barua, daftari na picha za vitambulisho. Mzee haruhusu karatasi zitoke nyumbani, na ana haki hiyo. Meza ni ndogo, mwanga unatoka dirishani, na muda ni wa alasiri moja. Je, abebe lenzi zipi?

Lenzi ya kawaida ya milimita 50 isiyo ya makro aghalabu haikaribii kitu zaidi ya sentimita 45 hivi. Itanakili ukurasa wa A4, lakini haitaweza kujaza fremu kwa mistari mitatu ya barua. Picha ya kitambulisho yenye milimita 35 kwa 45 inahitaji taswira ya takriban theluthi mbili ya ukubwa halisi. Lenzi za makro zinazoishia nusu ya ukubwa halisi haziifikii. Zinazofika moja kwa moja zinaitosha.

Baada ya hapo kuna suala la urefu wa fokasi. Ili ukurasa wa A4 ujaze fremu, lenzi ya milimita 50 huwekwa nusu mita hivi juu ya karatasi, na ile ya milimita 100 karibu mita nzima. Juu ya meza ya nyumbani, kusimamisha kamera mita nzima ni kazi ngumu. Kinyume chake, kwa vitu vidogo sana ile ya milimita 100 ina faida: huacha nafasi ya sentimita kadhaa kwa mwanga kupita, ilhali ile fupi huweza kuitilia karatasi kivuli chake yenyewe.

Kamera yenye pikseli 6000 kwa 4000 hutoa takriban pikseli 19 kwa kila milimita ya ukurasa wa A4. Nukta yenye upana wa nusu milimita hupata pikseli tisa hivi. Hiyo yatosha kuitambua, lakini haitoshi kila mara kuamua kama ni wino au tundu. Kwa nukta yenye shaka ipigwe picha ya pili kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni. Kitundu cha lenzi kiwekwe kwenye namba 5.6 au 8. Ikumbukwe kwamba katika ukubwa halisi namba 8 hutenda kazi kama 16, na kina kinachoonekana kwa ukali ni kama milimita moja tu. Karatasi iliyokunjamana haina budi kunyooshwa taratibu kwanza.

Kwa maoni yetu, idara yenye uwezo wa kununua lenzi moja tu ichague ya makro ya kati ya milimita 50 na 60. Ikipata ya pili, iwe ya makro ya milimita 90 hadi 105. Lenzi za kuvuta, ambazo urefu wake hubadilika, zina manufaa yake safarini. Lakini nyingi huipinda mistari iliyonyooka, na pia hufanya iwe vigumu kuhakikisha kwamba kurasa zote za daftari zimenakiliwa kwa kipimo kimoja. Hata hivyo, rula ndogo iwekwe kando ya kila ukurasa.

6. Hitimisho

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi ya watu Kalemie. Maji yakiingia nyumbani, mtu huokoa watoto kwanza, kisha godoro na sufuria. Sanduku la karatasi huja mwisho kama litakuja. Kwa hiyo picha inayopigwa leo yaweza kesho kuwa ndiyo hati yenyewe, na wala hapatakuwa na karatasi ya kurudia.

Tumeona kwamba hati za karne ya 19 za pande hizi ziko mbali, na zilizobaki ziko mikononi mwa watu wasio na ghala wala makavazi. Wajapani walipogundua kwamba lenzi ya wengine haisomi maandishi yao, walitengeneza yao. Sisi hatulazimiki kutengeneza, kwa kuwa chombo kipo; tunalazimika kukichagua kwa kuuzingatia mwandiko wetu. Jambo la mwisho si la ufundi. Lenzi ile ile ya milimita 50 iliyonakili barua inatosha kumpiga picha mzee aliyeitunza, kwa idhini yake, akiwa ameishika mkononi. Nakala ya picha zote iachwe kwake kabla mtafiti hajaaga.