Bajaji, Kiwi, Panadol: majina ya kampuni yaliyogeuka majina ya vitu

Ingia duka lolote pale Shinyanga mjini useme "nipe kolgeti". Muuzaji anaweza kukuuliza, "Kolgeti gani, Whitedent?" Na hakuna atakayecheka, maana mmeelewana. Colgate ni jina la kampuni moja, lakini kwetu limeshakuwa dawa ya meno yoyote ile.

Mifano mingine:

KIWI. Ilianza Australia mwaka 1906. Leo dawa ya viatu ya kopo lolote ni kiwi.

BAJAJI. Bajaj Auto ni kampuni ya India. TVS ni wapinzani wao kibiashara, lakini pikipiki yao ya magurudumu matatu nayo tunaiita bajaji. Kichekesho ni kwamba Boxer inatengenezwa na haohao Bajaj, ila kijiweni Geita ukiiita bajaji watakushangaa. Ile ni bodaboda! Kumbe jina wanaliamua watu, siyo kiwanda.

ASPIRINI. Bayer ya Ujerumani ilisajili jina hili mwaka 1899. Mwaka 1921 mahakama ya Marekani ikaona wananchi wameshalizoea kama jina la dawa yenyewe, siyo la Bayer peke yake.

Sasa tufike kwenye PANADOL, na hapa siyo utani. Panadol ni jina la biashara. Dawa iliyomo ndani inaitwa parasetamoli.

Chukua mchimbaji katoka duarani Nyarugusu, kichwa kinagonga. Anameza Panadol mbili. Baada ya saa moja haoni nafuu, anaongeza parasetamoli mbili akidhani ni dawa nyingine. Halafu anashushia na ya mafua, na dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Jamaa kameza dawa ileile mara tatu!

Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na aache angalau saa 4 kati ya dozi na dozi. Ikizidi inaharibu ini. Ubaya wake, siku ya kwanza mtu anaweza kujiona yuko poa kabisa. Aliyezidisha awahi hospitali, asisubiri kuumwa.

Kwa hiyo bajaji iite bajaji, haina neno. Ila kwenye kidonge, geuza pakti usome yale maandishi madogo chini ya jina kubwa.

Huko kwenu kuna majina gani mengine? Tupieni hapo chini.