"Unakaa Wapi?" Historia ya Swali Moja Hapa Nyamirambo



Leo tunaandika kuhusu swali ambalo karibu kila mmoja wetu ameshaulizwa kwenye gishe: "Unakaa wapi, na nani anashuhudia?" Ukienda banki unaulizwa. Ukienda akagari unaulizwa. Ukitaka mituweli, au mtoto aandikishwe shule, unaulizwa. Wengi wetu tunadhani swali hili lilizaliwa na sisi wakimbizi, kwamba limetengenezwa ili kutuchosha. Tukisoma historia tunaona sio hivyo. Hapa Nyamirambo swali hili lina umri wa miaka zaidi ya mia moja, na watu wa kwanza kuulizwa hawakuwa wakimbizi.

Tuanze mwanzo. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Wajerumani walikuja na askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara, na wengi wa hao walizungumza Kiswahili, wengine Waislamu kutoka pwani na kutoka Tabora na Ujiji. Wageni hao ndio mizizi ya Biryogo na Nyamirambo. Mwaka 1913 msikiti wa Al-Fatah ukajengwa, na mpaka leo wazee wa hapa wanauhesabu kuwa wa kwanza nchini.

Vita vya kwanza vya dunia vikaja, Wabelgiji wakaiteka Kigali mwaka 1916. Utawala mpya haukuwaamini sana hao "Waswahili". Ukawatenga kwenye kartiye yao, na hiyo kartiye ikaitwa camp swahili. Angalieni vizuri hilo neno: kambi. Mtu wa camp swahili hakuwa huru kuhamia popote, na kutoka au kuingia kulihitaji ruhusa. Yaani kabla ya Kiziba, kabla ya Mahama, Kigali ilikuwa na kambi yake mjini kabisa, na watu wake walijua maana ya kuombwa karatasi ukitaka kuvuka upande wa pili. Leo watu wanatoka kila kona ya mji kuja Biryogo kula chapati na kunywa chai, na wengi hawajui kwamba barabara hizo zilikuwa na mipaka.

Hatua ya pili ni kitambulisho. Miaka ya 1933 na 1934 Wabelgiji walihesabu watu, wakatoa vitambulisho vilivyoandika mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Karatasi hiyo ilidumu baada ya uhuru wa 1962, ikadumu mpaka 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye vizuizi vya barabarani watu waliambiwa watoe kitambulisho, na neno moja lililoandikwa pale likawa hukumu ya kifo. Hatuwezi kuandika historia ya karatasi katika mji huu bila kusema hilo. Baada ya 1994 kabila likaondolewa kwenye kitambulisho. Mwaka 2008 ikaja indangamuntu ya sasa, yenye namba 16.

Na huko kwetu tulikotoka? Wengi wetu wazazi wetu wametoka Masisi, Rutshuru, Minembwe na pande hizo. Kule nako swali lilikuwa lilelile, ila lilielekezwa kwa babu. Sheria ya Zaire ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikafuta hiyo. Sasa ilibidi babu zako wawe wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Jamani, 1885! Huo ni mwaka ambao Mfalme Leopold wa pili alipewa Kongo. Kwenye milima ya Masisi hakukuwa na ofisi ya kuandika nani anakaa wapi. Mkulima angeleta karatasi gani? Ilikuwa ni kudaiwa ushahidi ambao haukuwahi kuandikwa. Sheria ya 2004 ilisogeza hesabu hiyo mpaka wakati wa uhuru, 1960, lakini katikati hapo vita vilishapita, watu walishakimbia. Kiziba ilifunguliwa 1996, Gihembe 1997, Nyabiheke 2005. Wenzetu wa Burundi wakaja kwa wingi 2015, na Mahama ikafunguliwa mwaka huohuo.

Hata karatasi ya kawaida tulitoka bila kuwa nayo. Kongo imekaa miaka mingi bila kitambulisho cha taifa, watu wanatumia karata ya uchaguzi. Mtu aliyekimbia akiwa na miaka kumi hana hata hiyo. Warundi wengi walikuja na karangamuntu yao, lakini ikiisha muda, mkimbizi anaenda kwa nani kuomba nyingine? Huwezi kurudi kwenye ofisi ya serikali uliyoikimbia ukasema nipeni karatasi.

Tatizo hili dunia ililiona zamani. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen, aliyekuwa kamishna wa wakimbizi wa Shirika la Mataifa, alianzisha hati ya kusafiria kwa wakimbizi wa Urusi waliobaki bila nchi. Baadaye ukaja Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Vijana wengi tunautaja huo mkataba bila kuusoma. Kifungu cha 27 kinasema nchi itampa karatasi ya utambulisho mkimbizi aliye kwenye ardhi yake na hana hati halali ya kusafiria. Kifungu cha 25 ndicho kinachotugusa sana: pale mkimbizi anapohitaji hati ambayo kwa kawaida angepewa na nchi yake, nchi aliyomo imsaidie aipate, na hati hiyo iaminiwe mpaka ithibitishwe kuwa si ya kweli. Waliouandika walijua kwamba mkimbizi hatakuwa na karatasi za kwao. Rwanda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1980.

Na Rwanda haikukaa kimya. Sheria ya wakimbizi ilitoka 2014. Septemba 2016, kwenye mkutano wa viongozi kule New York, serikali iliahidi mambo yakiwemo vitambulisho kwa wakimbizi na bima ya afya kwa wale wa mjini. Mwaka 2018 serikali na HCR walifanya uhakiki wa wakimbizi wote, mnakumbuka ile mistari mirefu na alama za vidole. Mwaka 2019 wakimbizi wa mjini wakaanza kuingizwa kwenye mituweli. Haya ni mambo makubwa. Kuna nchi nyingi mkimbizi anakaa miaka ishirini na karatasi moja iliyochakaa mfukoni.

Sasa kama yote haya yapo, mbona bado tunarudishwa?

Tueleze jinsi fundo lenyewe lilivyofungwa. Mwenzetu mmoja aliandikishwa kambini, akapata kazi ya kushona hapa Nyamirambo, akapanga chumba. Mwajiri akamwambia mshahara unapita banki. Akaenda kwenye banki moja na kitambulisho chake cha mkimbizi. Karani akakigeuza mara mbili, akamwita mkubwa wake, kisha akasema leta cheti cha makazi. Akaenda kwa viongozi wa mtaa. Wakamwambia kitambulisho chako kinaonyesha wewe ni wa kambini, sisi tutaandikaje kwamba unakaa hapa? Lete kwanza karatasi ya kambi. Akapanda basi kurudi kambini. Kule akaambiwa ruhusa ya kutoka ni ya siku chache, sio ya kukaa, na akitaka kuhamishiwa mjini rasmi aonyeshe kwamba anaweza kujitegemea. Ataonyeshaje? Kwa mshahara. Mshahara uko wapi? Unangoja akaunti. Mnaona mduara huo? Hakuna mtu mbaya kati ya hao watatu, kila mmoja alifuata kanuni yake. Lakini mwisho wa mwezi kijana hakulipwa.

Mwingine tatizo lake lilikuwa kompyuta. Namba ya indangamuntu ya raia huanza na 1, ya mkimbizi huanza na 2. Kuna mahali fomu ilikataa tu, ikasema namba haipo. Karani hakuwa na la kufanya, naye alikuwa anaangalia skrini ile ile. Ukweli ni kwamba programu nazo zinaandikwa na watu, na aliyeiandika hakutufikiria.

Tuwe waadilifu pia kwa watu wa banki. Hawaulizi kwa chuki. Sheria za kuzuia fedha haramu zinawataka wamjue mteja, na wakikosea wanaadhibiwa wao. Ila sheria hizo hazisemi kila mteja aletewe mzigo mmoja wa karatasi. GAFI, chombo cha kimataifa kinachosimamia mambo hayo, tangu 2012 kinasema ukali uende na kiasi cha hatari. Akaunti ya fundi cherehani anayeweka franga elfu hamsini kwa mwezi sio sawa na akaunti ya kampuni inayohamisha mamilioni nje ya nchi. Kwa hiyo nafasi ya kurahisisha ipo. Mara nyingi kinachokosekana ni karani kujua kwamba kitambulisho cha mkimbizi ni hati ya serikali hii hii.

Nao watu wasio na karatasi waliwekaje pesa siku zote? Kule Kivu tuna likelemba, hapa Rwanda kuna ikimina. Watu kumi wanachanga kila wiki, kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Hakuna cheti cha makazi. Cheti chako ni majirani: wanajua mlango wako, wanamjua mama yako. Hiyo ndiyo banki ya kwanza ya wageni, na imesomesha watoto wengi. Lakini tusiisifu kupita kiasi. Mtunza pesa akihama usiku, huna pa kushtaki. Na ukitaka mkopo mkubwa wa kufungua duka, hakuna atakayesoma daftari la likelemba akuamini. Ndiyo maana akaunti ni muhimu. Ni mahali ambapo historia yako ya pesa inaandikwa kwa jina lako.

Kutokana na haya yote sisi tunaona mambo matatu.

La kwanza, karatasi inaweza kuwa uzio na inaweza kuwa mlango. Ile ya camp swahili ilikuwa uzio. Ile ya 1994 ilikuwa kaburi. Ile ya 1885 ilikuwa mtego. Kitambulisho tulichonacho leo kiliahidiwa kuwa mlango, na ahadi hiyo inatimia pale tu mtu wa gishe anapokikubali.

La pili, tuanze na majirani. Ukihamia mtaani, usingoje mpaka uumwe au upate kazi ndipo utafute umukuru w'umudugudu. Nenda wiki ya kwanza, uandikwe. Hudhuria umuganda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wakuone. Mweleze mwenye nyumba kwamba unataka mkataba ulioandikwa, hata ukurasa mmoja. Ukikataliwa mahali, omba kwa heshima waandike sababu, au wewe andika tarehe na walichosema. Malalamiko yenye tarehe yanasikilizwa kuliko kilio.

La tatu ni kwenu ndugu zetu wa mashirika na wa serikali. Mnatupa mafunzo ya biashara, tunashukuru. Lakini mafunzo bila akaunti ni kama jembe bila shamba. Tunaomba wale watatu, kambi, mtaa na banki, wakae meza moja. Wakubaliane karatasi moja inayotosha kwa kijana aliyeandikishwa kambini na anafanya kazi mjini. Tunaomba makarani waonyeshwe kitambulisho chetu kinafananaje, na wenye kutengeneza fomu za kompyuta wajaribu namba inayoanza na 2 kabla ya kuifungua kwa watu. Hayo hayahitaji sheria mpya.

Wale wageni wa 1907 leo hakuna anayewaita wageni. Wajukuu zao ndio wenye maduka, wenye gereji, maimamu na madereva wa Nyamirambo, na Kiswahili chao mwaka 2017 kikawa lugha rasmi ya nchi. Ilichukua vizazi vingi na ruhusa nyingi. Sisi hatuombi kupita mbele ya foleni. Tunaomba tu isichukue miaka mia nyingine kwa kijana kuulizwa anakaa wapi, akajibu, na jibu lake likaandikwa.

Kama nawe umerudishwa kwenye gishe, tuandikie ilikuwa ofisi ya aina gani, walidai karatasi gani na ulipata suluhisho gani, bila kutaja majina ya watu. Tutayakusanya na kuyapeleka kwenye mkutano wa wawakilishi wa wakimbizi. Amani kwenu.