neuroArm

neuroArm ni roboti ya upasuaji wa ubongo iliyobuniwa mjini Calgary, nchini Kanada, ili ifanye kazi pamoja na mashine ya MRI, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku na mawimbi ya redio.

Historia

Roboti hii iliundwa na kikundi cha daktari Garnette Sutherland wa Chuo Kikuu cha Calgary pamoja na wahandisi wa MDA, kampuni ya Kanada inayojulikana kwa mikono ya roboti ya vyombo vya angani. Tarehe 12 Mei 2008 ilitumika kwa mara ya kwanza kuondoa uvimbe katika ubongo wa mgonjwa.

Sababu za kubuniwa

Fuvu likifunguliwa, ubongo husogea kidogo. Uvimbe ukianza kuondolewa, husogea tena. Hivyo picha zilizopigwa kabla ya upasuaji hazilingani tena na hali halisi, na daktari anaweza kuacha sehemu ya uvimbe au kukata sehemu nzima. Dawa yake ni kupiga picha mpya wakati upasuaji unaendelea.

Muundo

Sumaku ya MRI yenye nguvu ya tesla 1.5 huzidi ugasumaku wa Dunia kwa takriban mara 30,000. Kifaa cha chuma kikiwa karibu huvutwa kwa nguvu na kinaweza kumjeruhi mtu. Mota za kawaida nazo hazifai, kwa kuwa zina sumaku ndani yake na umeme wake huharibu picha. Kwa hiyo mikono ya neuroArm ilitengenezwa kwa titani na plastiki ngumu. Huendeshwa na mota za piezoelektriki, ambazo hutumia kauri inayobadilika umbo kidogo sana inapopata umeme.

Matumizi

Daktari huketi mbele ya skrini, akishika vishikio viwili. Roboti hufuata mwendo wa mikono yake, lakini huupunguza na kuondoa mtetemo wa vidole. Vishikio humrudishia daktari hisia ya ugumu au ulaini wa kinachoguswa, ili asibonyeze kupita kiasi. Roboti yenyewe haiamui mahali pa kukata. Uamuzi hubaki kwa daktari.